Gifford Pinchot: Tajiri aliyelinda misitu ya Marekani, bili ikatua kwa kaunti

Wacha nikuulize kitu kabla hatujafika mbali. Kama nusu ya ardhi ya kaunti yenu ni msitu wa serikali, na serikali hailipi kodi ya ardhi, mwalimu wa shule ya kijijini atalipwa na nani?

Unaweza kuona ni kama nimechanganya mambo mawili, miti na mishahara. Huko Marekani mambo hayo yamefungwa kwa kamba moja. Majimbo yamegawanywa kwa kaunti, na shule na barabara za mashinani hutegemea sana kodi ya ardhi. Mwenye shamba analipa, mwenye duka analipa, mwenye kiwanda analipa. Lakini kuna mwenye ardhi mmoja ambaye hagusiki: serikali ya shirikisho, ile yenye makao Washington. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1819, majimbo na kaunti haziwezi kuitoza kodi. Na huyu mwenye ardhi si mdogo. Anamiliki takriban ekari milioni 640, zaidi ya robo ya nchi nzima. Kule Nevada anashikilia karibu asilimia 80 ya jimbo.

Hii maneno ya nani ajaze pengo imezua kelele kwa zaidi ya miaka 100. Ukifuata uzi hadi mwanzo wake, unakutana na jamaa mmoja mrefu, mwembamba, mwenye masharubu, mtoto wa tajiri ambaye angeweza kula pesa za babake hadi uzee. Anaitwa Gifford Pinchot. Alifanya jambo zuri sana, na jambo hilo likaacha bili ambayo watu bado wanasukumiana hadi leo.

Pesa za magogo

Pinchot alizaliwa Agosti 11, 1865, mjini Simsbury, Connecticut, miezi michache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kuisha. Babu yake wa upande wa baba alikuwa ametoka Ufaransa akatua Milford, Pennsylvania, na kutajirika kwa njia ya kawaida ya enzi hizo. Unanunua msitu, unakata kila kitu, unaelekeza magogo mtoni hadi sokoni, kisha unahamia kipande kingine. Babake, James, akaongeza mali kwa kuuza karatasi za kupamba kuta huko New York. Upande wa mama nao ulikuwa na ploti za maana New York. Kwa ufupi, chapaa haikuwa shida.

Baadaye James alitazama vile vilima vya Milford vilivyobaki vipara, roho ikamsuta. Ndiye aliyempa mwanawe wazo la kusomea misitu. Wakati huo Marekani haikuwa na chuo hata kimoja cha taaluma hiyo. Ni kama leo uende nyumbani useme unataka kusomea kazi ambayo hakuna chuo kinaifundisha na hakuna mtu wa kwenu amewahi kuajiriwa kuifanya. Tofauti ni kwamba hapa mzazi ndiye alianzisha hiyo stori.

Shule aliyoiacha njiani

Alimaliza Yale 1889, kisha akavuka bahari kwenda Ufaransa, kwa shule ya misitu ya mji wa Nancy. Huko Ulaya alilelewa kitaaluma na mzee Dietrich Brandis, Mjerumani aliyewahi kusimamia misitu ya India chini ya Waingereza. Brandis alitaka kijana akae, asome zaidi, akomae. Pinchot hakungoja. Mwisho wa 1890, baada ya takriban mwaka mmoja, alirudi kwao bila kumaliza. Sisi tulioacha chuo tusijipige kifua haraka, maanake jamaa alikuwa na digrii ya Yale mfukoni na baba mwenye mali nyuma yake.

Lakini kuna kitu alichokiona Ulaya ambacho nataka ukishike vizuri. Karibu na Zurich, Uswisi, kuna msitu unaoitwa Sihlwald. Ulikuwa mali ya mji wenyewe. Miti ilikatwa kwa mpango, mingine ikaachwa ikue, na mauzo yakatia pesa kwa hazina ya mji. Yaani msitu wa Zurich ulikuwa unailipa Zurich. Mwenye msitu na mwenye kuhitaji barabara walikuwa mtu mmoja.

Kule kwao ingekuwa tofauti. Mwenye msitu angekaa Washington, na mwenye kuhitaji barabara angekaa Idaho.

Mwaka wa 1892 alipata kibarua chake cha kwanza kikubwa, kusimamia misitu ya shamba la Biltmore la bwanyenye George Vanderbilt huko North Carolina. Alitaka kuonyesha Wamarekani kwamba unaweza kukata miti, upate faida, na msitu ubaki msitu. Katika miaka hiyo pia alimpenda msichana anayeitwa Laura Houghteling. Kifua kikuu kikamchukua Laura mwaka wa 1894, kabla ya ndoa. Kwa miaka mingi baadaye Pinchot aliendelea kumwandika kwa shajara yake kana kwamba bado wako pamoja, na hakuoa hadi 1914, akiwa na umri wa miaka 49. Katikati ya hapo, kazi ndiyo ilikuwa nyumba yake.

Ramani inabadilika rangi

Ili uelewe kelele zilizofuata, lazima ujue sheria moja. Mwaka wa 1891 Bunge la Congress lilimpa rais uwezo wa kutenga ardhi ya umma kuwa hifadhi ya msitu kwa kutia sahihi tu. Februari 1897, Rais Grover Cleveland, akiwa anafunga virago, alitenga ekari milioni 21 kwa siku moja. Watu wa magharibi walilipuka. Hawakuwa wameulizwa. Walikuwa wakingoja ardhi hiyo igawanywe, iuzwe, ilimwe, ichimbwe madini, na hatimaye ilipe kodi. Sasa ikawa haiuzwi tena.

Mwaka uliofuata Pinchot akawekwa kuongoza kitengo cha misitu katika wizara ya kilimo. Kitengo chenyewe kilikuwa kichekesho: wafanyakazi wachache na bila msitu hata mmoja, kwa sababu hifadhi zote zilikuwa chini ya wizara nyingine. Bahati yake ilifika 1901. Rais William McKinley aliuawa, na Theodore Roosevelt akaingia ikulu. Roosevelt alikuwa rafiki wa Pinchot, mtu wa kupanda milima, kupigana ngumi na kulala nje. Hao wawili walielewana kama ndugu.

Mwaka wa 1905 hifadhi zote zilihamishwa chini ya Pinchot, na Idara ya Misitu ya Marekani ikazaliwa, yeye akiwa mkuu wa kwanza. Wakati huo hifadhi zilikuwa takriban ekari milioni 56. Kufikia 1910 zilikuwa takriban ekari milioni 172. Miaka mitano tu, bana.

Pinchot hakuwa mtu wa kufungia msitu na kutupa funguo. Alitaka mbao zikatwe kwa mpango, ng'ombe walishwe kwa ada, na maji ya mito yalindwe, ili watu wengi wanufaike kwa muda mrefu. Hapo ndipo alikosana na John Muir, mpenzi mkubwa wa nyika, aliyetaka sehemu nyingine ziachwe jinsi zilivyo. Walizozana hasa juu ya bonde la Hetch Hetchy huko California, ambalo Pinchot aliunga mkono lijengwe bwawa la maji ya San Francisco. Bunge liliruhusu bwawa hilo mwaka wa 1913.

Na tusijifanye kusahau: ardhi hii yote iliyoitwa ya umma ilikuwa na wenyewe kabla. Wenyeji asilia wa Marekani walikuwa wamefukuzwa kwa sehemu kubwa ya misitu hiyo. Wakati kaunti zilipoanza kuzozania fidia, wao hawakuwa hata kwenye meza.

Kaunti zawaka moto

Sasa jiweke kwa viatu vya mfugaji wa Colorado mwaka wa 1906. Babako alilisha ng'ombe pale mlimani bure. Wewe umelisha bure. Halafu anakuja kijana mwenye beji, amesoma mashariki, anakwambia nyasi ni za serikali na kila ng'ombe analipiwa. Wengine walikataa kabisa. Mmoja wao, Fred Light, alipelekwa kortini kwa sababu ng'ombe wake waliingia msitu wa Holy Cross bila kibali. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu, na 1911 serikali ikashinda.

Lakini hasira ya malisho ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa hesabu ya kaunti. Kamishna wa kaunti angekunja ramani na kuonyesha: hapa, hapa na hapa, kijani kitupu. Hakuna atakayenunua, hakuna atakayejenga, hakuna atakayelipa kodi. Wakati huo huo wakata mbao wa serikali wanapita kwa barabara yake na watoto wao wanasoma kwa shule yake. Jirani mwenye shamba dogo anabeba mzigo wa wote.

Mwaka wa 1907 Seneta Charles Fulton wa Oregon alipenyeza kifungu kwa mswada wa bajeti ya kilimo: rais asiweze tena kutenga misitu katika majimbo sita ya kaskazini magharibi bila idhini ya Bunge. Roosevelt hangeweza kuukataa mswada mzima, kwa sababu ulikuwa na pesa za kuendesha wizara. Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi, Pinchot na vijana wake walikesha na ramani, wakachora mipaka, na Roosevelt akatenga ekari milioni 16 nyingine. Kisha akatia sahihi ile sheria ya kumzuia kufanya alichokuwa ametoka tu kufanya. Noma sana. Ukiwa mpenda misitu, unacheka. Ukiwa unaishi hapo, unajiuliza hii ni demokrasia gani.

Juni mwaka huo, watu wa magharibi waliitisha kongamano la ardhi za umma mjini Denver. Ukumbi ulikuwa umejaa uadui. Pinchot alienda mwenyewe, akasimama mbele yao, akajitetea. Unaweza kumlaumu kwa mengi, lakini kujificha Washington hakujificha.

Robo ya mapato

Pinchot hakuwa mjinga. Alijua msitu unaochukiwa na majirani wake hautadumu. Utachomwa, utaibiwa mbao, au maseneta wataufuta kwa kura. Jibu lilikuwa kugawa mapato. Mwaka wa 1906 Bunge lilipitisha kwamba asilimia 10 ya pesa zinazoingizwa na misitu zirudi kwa majimbo, ziende kwa shule na barabara za kaunti zenye misitu hiyo. Idara ya Pinchot iliitangaza hoja hii kwa wananchi kama jibu la malalamiko ya kodi. Kelele hazikutulia, na Mei 1908 kiwango kikapandishwa hadi asilimia 25.

Hesabu yake ni rahisi. Msitu ukiuza mbao na kutoza malisho hadi ukapata dola 100,000, dola 25,000 zinarudi nyumbani. Kaunti haiwezi kumtoza kodi mwenye ardhi, lakini inapata kipande cha mauzo yake. Kwa jicho la Pinchot ilikuwa kama Sihlwald imehamia Marekani: msitu unailipa jamii inayouzunguka.

Angalia sasa ufa ulipojificha. Kodi ya ardhi hailali. Shamba lilimwe lisilimwe, mwenyewe analipa. Lakini robo ya mapato inategemea mapato. Msitu mchanga, uliokatwa miaka iliyopita na bado unakua, unalipa karibu sufuri. Msitu ulio juu ya mlima usiofikika unalipa sufuri. Soko la mbao likianguka, mwalimu anaanguka nalo. Na kitu kibaya zaidi: ukilipa shule kwa pesa za magogo, unamfanya kila mzazi atake miti ikatwe, kila mwaka, bila kupumzika. Mtu aliyetaka kulinda misitu alikuwa ameweka motisha ya kuikata ndani ya bajeti ya shule.

Kufutwa kazi huku rafiki yuko Afrika

Machi 1909 Roosevelt alitoka ikulu, na mwezi uliofuata alikuwa ameshatua Mombasa, akapanda reli kwenda bara kuwinda. Ile safari yake maarufu ya Afrika Mashariki ndiyo ilimwacha Pinchot bila mlinzi. Rais mpya, William Howard Taft, hakuwa na moto ule ule. Pinchot alimshutumu hadharani waziri wa mambo ya ndani wa Taft, Richard Ballinger, kuhusu madai ya ardhi ya makaa ya mawe huko Alaska. Mtumishi wa umma kumkosoa bosi wake mbele ya nchi nzima, hiyo ni kujiandikia barua ya kufutwa. Januari 1910, Taft alimwonyesha mlango.

Habari zilimfikia Roosevelt zikibebwa na tarishi, akiwa bado kwa safari yake pande za mto Nile. Aprili mwaka huo Pinchot alimfuata hadi Porto Maurizio, Italia, akampa upande wake wa stori. Urafiki wa Roosevelt na Taft ulizidi kupasuka, na 1912 Roosevelt aligombea urais dhidi ya Taft, kura za chama zikagawanyika, na Woodrow Wilson akapita katikati.

Pinchot alijaribu Seneti mwaka wa 1914, akaanguka. Lakini hakuondoka kwa siasa. Alikuwa gavana wa Pennsylvania mara mbili, 1923 hadi 1927 na tena 1931 hadi 1935. Muhula wa pili ulikuja wakati uchumi umezama na watu hawana kazi. Mwaka wa 1931 jimbo lilichukua takriban maili 20,000 za barabara za vijijini kutoka kwa mabaraza madogo, na watu wasio na ajira wakaandikwa kuzitengeneza ili wakulima watoke kwa matope. Kumbuka hilo. Mara hii alitoa mzigo wa barabara kwa wadogo na kuupeleka kwa mkubwa moja kwa moja, bila kungoja mti uuzwe.

Alifariki Oktoba 4, 1946, kwa saratani ya damu, akiwa na umri wa miaka 81. Kitabu cha maisha yake ya kazi kilichapishwa mwaka uliofuata. Mwaka wa 1963 mwanawe aliikabidhi Idara ya Misitu jumba la familia la Grey Towers pale Milford, na Rais John F. Kennedy alienda kulizindua Septemba mwaka huo. Cheki kejeli: jumba la mtu aliyeanzisha mjadala huu nalo likawa mali ya serikali ya shirikisho, mwenye ardhi asiyetozwa kodi.

Msitu wenye jina lake

Mwaka wa 1949 msitu mmoja wa jimbo la Washington, kule kaskazini magharibi, ulipewa jina la Gifford Pinchot. Ndani yake kuna kaunti inayoitwa Skamania, nyumbani kwa ule mlima wa volkano, St. Helens, uliolipuka 1980. Kaunti hiyo ina watu wapatao 12,000, na takriban asilimia 80 ya ardhi yake ni msitu huo. Kodi ya ardhi itatoka wapi?

Kwa miongo kadhaa baada ya Vita Vikuu vya Pili, ilitoka kwa magogo. Marekani ilikuwa inajenga nyumba kama wazimu, mbao za misitu ya serikali zikauzwa, na robo ya mapato ikafika shuleni. Kisha 1990 bundi mmoja wa misitu mikongwe aliorodheshwa kuwa spishi iliyo hatarini, mahakama zikaingilia, na ukataji katika misitu ya serikali ya eneo hilo ukaporomoka. Viwanda vya mbao vilifungwa. Ile robo ikawa robo ya karibu hakuna. Ufa wa 1908 ulikuwa umefunguka wote.

Bunge lilijaribu kuziba kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa tayari ipo: sheria ya 1976, iliyotiwa sahihi na Rais Gerald Ford, inayolipa serikali za mashinani malipo badala ya kodi. Hii haiangalii mauzo. Inaangalia ekari ngapi za serikali ziko kwako, watu wangapi wanaishi hapo, na umeshapata kiasi gani kupitia sheria nyingine. Pesa zinaweza kutumika kwa kazi yoyote ya serikali ya kaunti. Siku hizi jumla yake ni zaidi ya dola milioni 500 kwa mwaka, kwa takriban kaunti na mabaraza 1,900. Ya pili ni sheria ya 2000, iliyoanza kulipa shule na barabara za mashinani kiwango kisichofuata tena mbao za mwaka huo.

Wanazozana nini basi?

Sikiliza upande wa kaunti kwanza. Mtu wa mjini akipotea mlimani, anayemtafuta ni polisi wa kaunti. Moto ukiwaka, ambulensi ni ya kaunti. Takataka za watalii, barabara za kufika msituni, hospitali ndogo, yote ni wao. Wanasema hiki si msaada, ni deni. Na wanachukia kwamba kiasi kinaamuliwa na Bunge, linaloweza kukata au kuchelewesha kila msimu wa bajeti. Fomula nayo inawaumiza wenye watu wachache: idadi ndogo ya watu inawekea malipo kikomo, hata kama ekari ni nyingi kama bahari.

Upande wa pili nao una hoja. Ardhi hiyo haikuwahi kuwa ya kaunti. Mingine ni jangwa au miamba ambayo ingelipa kodi kidogo sana hata ikiwa ya mtu binafsi, kwa hivyo kaunti nyingine huenda zinapata zaidi ya zingetoza. Msitu unaleta watalii, unalinda maji, unapandisha bei ya nyumba za jirani. Na anayelipa ni mlipa kodi wa mbali, ambaye huenda hatawahi kuukanyaga huo msitu.

Mimi nikisoma maisha ya Pinchot, naona upande wa kaunti una uzito zaidi, kwa sababu moja. Msitu ukiwa wa wote, gharama yake pia lazima iwe ya wote. Ukimwachia jirani peke yake, unamtengenezea sababu ya kuuchukia. Pinchot aliona hilo mapema kuliko wengi, na alistahili sifa. Alikosea kwa chanzo cha pesa. Alifunga mshahara wa mwalimu kwa msumeno.

Na hapa kwetu

Sisi pia tuna mjadala wa aina hii, ni vile tu huwa tunaupita. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inazipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya ardhi na majengo. Sheria zetu pia zimekuwa na mpango wa serikali kuu kutoa mchango badala ya kodi kwa ardhi yake, na Nairobi kwa miaka imekuwa ikidai mabilioni ya shilingi kwa ajili ya majengo na viwanja vya serikali. Kaunti nyingi hazihisi pengo hilo sana kwa sababu huishi kwa mgao wa Hazina Kuu, lakini deni ni deni.

Kwa hivyo siku mwanasiasa akikuambia msitu fulani utalindwa, mpigie makofi, unastahili. Halafu muulize maswali mawili: wanaoishi kando yake watalipwa na nani, na pesa hizo zitatoka kwa mti uliosimama au mti uliokatwa? Jibu la hilo la pili ndilo litakuambia kama msitu huo utakuwepo watoto wako wakifika umri wako.